Nani Hajaelewa?

Wanaomsifu mwalimu wetu mkuu siku hizi hawakufyatua tofali hata moja. Nawasikia kwenye misiba na kwenye harusi, wamevaa suti, wanasema mzee yule alikuwa kiongozi wa aina yake, alileta maendeleo, alikuwa mtu wa watu. Mimi hukaa kimya nikala wali wangu. Nikifika nyumbani ndipo nabamiza sufuria mpaka mume wangu anauliza ni nani tena aliyemtaja yule mzee.

Jina lake sitalitaja, na kijijini kwetu hakuna atakayelikosa. Sisi ni watu wa Iramba, kati ya Kiomboi na mteremko wa Sekenke, na kwetu mtu yule alikuwa Mwalimu Mkuu, basi. Baada yake walikuja walimu wakuu wengine wanne au watano, na hao wote tuliwaita kwa majina yao. Hata alipokuwa diwani, hata alipopata kiti mkoani na wapambe wake wakaanza kutukemea kwamba siku hizi anaitwa Mheshimiwa, sisi tuliendelea na Mwalimu Mkuu wetu. Mwenyewe alipenda sana. Ilinichukua miaka kujua kwa nini alipenda.

Nianze na mazuri yake, maana yapo, na ndiyo yanayonikera zaidi. Angekuwa mwizi tangu mwanzo ningeshamsahau.

Alifika shuleni kabla ya kengele, kila siku ya Mungu, vipande viwili vya chaki mfukoni mwa shati. Uji tuliokunywa sisi aliunywa yeye, kwa kikombe kilekile cha bati. Zamani zile kila mwanafunzi alitakiwa kufika asubuhi na jiwe moja kichwani kwa ajili ya kujengea, na jiwe la Mwalimu Mkuu lilikuwa kubwa kuliko yote. Hakuagiza mtu afanye asichokifanya yeye. Mzazi mmoja alimpelekea kuku ili mwanawe apewe uranja. Mwalimu Mkuu alimbeba kuku yule kwapani, siku ya mnada, akapita naye katikati ya watu wote mpaka kwa mwenyewe, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Huyu nimemsahihisha, ameshindwa mtihani." Watu walicheka mwezi mzima, na hakuna aliyempelekea kuku tena.

Fimbo alikuwa nayo, lakini aliitumia kwa mambo mawili tu, uchelewaji na uongo. Uongo aliuchukia kwelikweli. Nakumbuka alivyokuwa akisema, "Ukikosa hesabu nitakufundisha. Ukinidanganya, nitakufundisha nini?" Nilikuwa darasa la nne, nikaamini kwamba duniani kuna mtu mmoja asiyeweza kudanganya.

Mama yangu naye alifundishwa na yeye. Ilikuwa enzi za elimu ya watu wazima, wanawake wakitoka shambani saa kumi, wanakaa kwenye madawati yetu madogo magoti yamewajaa kifuani. Mama kabla ya hapo alikuwa mtu wa dole gumba. Kliniki dole gumba, ushirika dole gumba, kanisani dole gumba. Mwalimu Mkuu alimwandikia jina lake kwenye kipande cha bati kwa msumari, akamwambia aende nacho shamba. Msimu mzima mama alikuwa akipumzika kupalilia anachora jina lake kwenye udongo, kati ya mistari ya uwele, kisha analifuta kwa mguu. Siku alipotia sahihi kwa mara ya kwanza, pale ushirika alipopeleka alizeti zake, alirudi nyumbani akatuita wote uani. Akatunyooshea dole gumba tulione lilivyo safi, halina wino. Kisha akasonga ugali, na akaimba wakati wa kusonga, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Kwa hiyo nasema tena, mazuri yapo.

Sasa nieleze jinsi alivyofundisha, kwa sababu bila hilo hutaelewa lililotukuta. Alikuwa akimaliza kueleza jambo, anafuta mikono, anatugeukia, anauliza, "Nani hajaelewa?" Sauti yake haikuwa ya ukali hata kidogo. Lakini ukinyoosha kidole, alikusimamisha mbele ya wenzako akalieleza lote upya tangu mwanzo, polepole, huku mapumziko yakiliwa na darasa zima likikuangalia kwa chuki. Mwishoni alikuuliza wewe peke yako, na ukikosa anaanza tena. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekuwa hajaelewa. Tulikaa kimya, yeye akasema, "Vizuri, tumeelewana," akaendelea. Tulijifunza kwamba kimya ni adabu, na kwamba kimya ndilo jibu sahihi. Kijiji kizima kilipita mikononi mwake hivyo, wazazi jioni na watoto asubuhi.

Basi huyo ndiye aliyetuletea wazo la sekondari. Kwa miaka kadhaa karibu hakuna mtoto wetu aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Nafasi za serikali zilikuwa chache, watoto walifaulu na bado wakabaki. Mimi nilipita kwa bahati mwaka mmoja, peke yangu, na mama alinisindikiza huku akiona aibu kwa wazazi wenzake. Mwalimu Mkuu alisema hatutakaa kungoja. Kijiji kilitenga kiwanja kizuri pale juu barabarani, na akatangaza kwamba kila kaya itafyatua tofali kila kiangazi, na kwamba watoto wa kaya zilizofyatua ndio watakaoanza.

Tulifyatua viangazi vinne. Watu walichota maji mbali kuyaleta kwenye udongo, wakati ng'ombe wenyewe walikuwa hawatoshelezwi. Fundi wa kuchoma alikuwa jirani yetu, Mzee Kitundu, mtu mpole mwenye kigugumizi, ambaye alilala kando ya tanuru kila lilipowaka na hakuchukua ujira. Mdogo wangu Naomi alikuwa darasa la tano kazi ilipoanza. Alibeba maji, alibeba udongo, alibeba tofali mbichi na tofali zilizoiva. Alipomaliza darasa la saba alifaulu, hakuchaguliwa, na hakulia. Alimwambia mama, "Mimi nasubiri yetu." Msingi ulikuwa umeshapanda usawa wa goti.

Hapo ndipo mambo ya nchi yalipogeuka. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa sabuni za kunukia, mitumba ikafika mpaka kwenye mnada wetu, ushirika ukafa taratibu na wanunuzi wa alizeti wakaja na malori yao wenyewe. Vyama vikawa vingi. Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa ametufundisha kwamba mlanguzi ni adui, alionekana amekaa kiti cha mbele cha lori la mlanguzi. Tulipomshangaa alisema, "Dunia imebadilika, na mwanafunzi mzuri hubadilika na somo." Tukaona ni sawa. Nani angesema si sawa?

Aligombea udiwani akapita. Kampeni hakuifanya, alizunguka tu na baiskeli akiwauliza watu walioa nani na watoto wao wako darasa la ngapi. Mikutano ya kijiji aliiendesha vilevile alivyoendesha shule. Kwanza aliita majina, mahudhurio, na kila mtu mzima alijibu "Nipo!" Kisha karatasi ilipitishwa watie sahihi, na akina mama waliofundishwa naye walikuwa wa kwanza kuinyakua kalamu, maana hiyo ilikuwa nafasi yao ya kuonyesha mwandiko. Kisha alieleza. Kisha aliuliza, "Nani hajaelewa?"

Siku ya mkutano wenyewe mimi sikuwepo. Nilikuwa chuoni Kinampanda nasomea ualimu, na kwa sababu hiyo nimesimuliwa na watu wengi mpaka naweza kuuona. Alikuja na bwana mmoja mnene mwenye kofia nyeupe, akamtambulisha kuwa ni mwekezaji, neno ambalo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza. Akaeleza kwa muda mrefu. Alizungumzia soko huria, alizungumzia mipango mipana zaidi ya elimu, akasema rasilimali za kijiji zitatumika kwa maendeleo ya wananchi wote. Neno kiwanja alilitaja mara moja, neno tofali hakulitaja kabisa. Halafu akafuta mikono kwa leso, ingawa siku hiyo hakushika chaki.

"Nani hajaelewa?"

Wakakaa kimya. Ila Mzee Kitundu alinyoosha mkono nusu, kiwiko kikiwa bado kimeshikana na mbavu. Mwalimu Mkuu akamwona, akatabasamu.

"Simama, Kitundu. Hujaelewa wapi?"

"Pa... pale kwenye ki... ki..."

"Kitundu alikuwa hivihivi kwenye darasa la jioni," Mwalimu Mkuu akawaambia watu. "Sisi tuko sura ya tano, yeye anatafuta daftari."

Watu wakacheka. Mama yangu naye alicheka, alinieleza mwenyewe, na alinieleza akiwa ameinamisha uso. Mzee Kitundu akakaa. Mwalimu Mkuu akasema vizuri, tumeelewana, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Nilipokuja likizo nilikuta lori linapakia tofali zetu. Mzee Kitundu alikuwa amesimama kando, anaangalia, mikono nyuma. Hazikupelekwa mbali, zilishushwa hatua chache tu, upande wa pili wa kiwanja, kwenye msingi mpya uliochimbwa kwa ajili ya ghala na mashine ya kukamua alizeti. Msingi wetu ulikuwa unavunjwa kwa nyundo ili mawe yake nayo yatumike.

Nikamchukua mama na Mzee Kitundu tukaenda ofisi ya kata. Karani aliyekuwepo hakuwa mtu mbaya, alitafuta faili akalifungua mezani. Palikuwa na muhtasari, umepigwa chapa vizuri, unaosema kwamba wananchi kwa kauli moja wameridhia kumkabidhi mwekezaji kiwanja pamoja na vifaa vyote vya ujenzi vilivyopo. Nyuma yake, kama kiambatisho cha walioridhia, palikuwa na karatasi ya mahudhurio.

Mama aliinama, akaona mwandiko wake.

"Hii ni yangu," alisema kwa furaha. Akaweka kidole. "Rehema, ona. Hii hapa ni yangu mimi."

Karani akaangalia dirishani. Mama akanitazama usoni, akamtazama Mzee Kitundu, na kidole chake kikabaki juu ya karatasi. Nilimwona akielewa. Alikuwa mwepesi wa kuelewa siku zote, na kama angeulizwa kwa haki siku ile ya mkutano angeelewa pia. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama mtu anaweza kuifuta sahihi. Nilimwambia haiwezekani. Toka siku hiyo, popote alipotakiwa kusaini, mama aliomba wino akaweka dole gumba. Makarani walidhani hajui kusoma. Aliwaacha wadhani hivyo mpaka tulipomzika.

Sijasikia kitu kinachonikasirisha kuliko hicho. Ardhi inaweza kurudishwa, tofali zinaweza kufyatuliwa tena. Mtu alimpa mama yangu jina lake mkononi, kisha akalitumia kumwibia, na yeye mwenye jina akaona aibu kuliandika tena.

Naomi alisubiri miaka miwili. Kiwanda kilipofunguliwa walitafuta wanawake wa kupepeta alizeti na kupakia mashudu, akaenda. Amefanya kazi ndani ya kuta zile maisha yake yote ya ujana. Aliwahi kuniambia kwamba anazijua baadhi ya tofali, zile zilizopinda upande mmoja, kwa sababu kibao chetu cha kufyatulia kilikuwa kimepinda. Aliniambia hivyo akicheka. Naomi hana kinyongo, yeye ni mtu mwema kuliko mimi, na wema wake nao hunitia hasira.

Na Mwalimu Mkuu akaendelea kupanda. Kutoka kata akaenda wilayani, kutoka wilayani akapata kiti mkoani, akawa anapita barabarani kwetu kwa Landrova. Tumbo lilitoka, chaki zikatoka mfukoni. Lakini haikuwa rahisi kumchukia hata hapo. Alisimamisha gari akimwona mtoto na mzigo wa kuni saa za masomo, akashuka, akampigia kelele mzazi wake. Aliwauliza watoto saba mara nane ni ngapi, na aliyejibu alipewa penseli. Mabango ya chama chake mwenyewe aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu pale herufi zilipokosewa. Uongo bado aliuchukia, kwa watoto. Kama alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe alipokuwa akihutubia, sijui. Mimi nadhani hakuwahi kujiona kuwa amedanganya. Alieleza, akauliza nani hajaelewa, wakanyamaza. Kwake somo lilikuwa limekwisha.

Mimi nikawa mwalimu, na huko pia alinifuata. Siku moja nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu, darasa la tano, nikamaliza, nikafuta mikono, nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Nani hajaelewa?" Watoto wakanyamaza vizuri kabisa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kipindi kikaisha. Tangu hapo namwita mtoto aje yeye ubaoni anieleze mimi. Wakaguzi wananiandika kwamba nachelewesha muhtasari wa somo, na waniandike.

Mara ya mwisho nilimwona miaka mingi baadaye. Kiti chake alikuwa amenyang'anywa kwenye kura za maoni na kijana wa mjini mwenye simu mbili. Serikali ilikuwa imeagiza kila kata ijenge sekondari, na kijiji chetu kilikuwa kimeanza tena kufyatua, kwenye kiwanja kibaya kule bondeni, kwa sababu kizuri kilikuwa kimeshakwenda. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule yake ileile, na nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi.

Alikuja ofisini kwangu saa nne asubuhi, amevaa koti zito na jua lote lile. Macho yalikuwa yameshaanza kufa, alipapasa kiti kabla ya kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Ni Rehema, sivyo? Nimekujua kwa sauti." Akapumua. "Nasikia mnajenga sekondari."

"Tunajenga."

"Wazo lile lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako, Mwalimu Mkuu."

"Basi nimekuja uniombee kwenye kamati. Shule ipewe jina langu. Sitaki kingine, hata chai ya mkutano sitaki."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka mingi. Nilikuwa na hotuba nyingi, nyingine nilizitunga nikiwa nachambua mlenda, nyingine nikisahihisha madaftari. Sikupata hata moja. Nilimuuliza tu kama siku ile ya mkutano alijua karatasi ya mahudhurio inakwenda kuambatishwa wapi.

Nilitegemea akane. Nilitaka akane, ili nimwambie yale aliyotuambia sisi kuhusu uongo.

"Nilijua," alisema.

"Mbona hukuwaambia? Ungewaambia wangekataa."

"Wasingekataa." Alisema hivyo kwa upole, na kwa mapenzi kabisa, ndilo jambo ninaloshindwa kulimeza. "Rehema, ningewaambia kila kitu, tofali, kiwanja, kila kitu, bado wasingekataa. Walikuwa watoto wangu wale. Ndiyo maana sikuona haja ya kuwaambia."

"Mama yangu alikuwepo."

"Najua alikuwepo. Mwandiko wake ulikuwa umelala kidogo kushoto. Alikuwa bora kuliko wote wa jioni." Uso ulimng'aa. "Hajambo?"

"Alishafariki."

Akasema pole, akainamisha kichwa. Nikamwambia kwamba jina lake halitapita kamati ile nikiwa hai, na kwamba kama wenzangu watalipitisha nitasimama mkutanoni nisome muhtasari ule wa zamani mbele ya watu, neno kwa neno, na majina yote yaliyo nyuma yake. Sauti yangu ilipanda, ikasikika mpaka ofisi ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Laiti ungekuwepo siku ile," alisema.

Nikazidi kuwaka. Hata hilo alitaka kunitwisha mimi!

Basi la Singida lilikuwa karibu kupita, naye haoni njia. Nilimshika mkono nikamtoa, tukatembea polepole mpaka barabarani, nikiwa nimefura kiasi kwamba sikumwambia hata pole pale alipojikwaa. Mikono yake ilikuwa mikavu na myepesi. Basi lilipofika nilimwinua, konda akampokea kwa juu, akamtafutia kiti.

"Mzee wako huyu, mama?" konda akaniuliza.

"Ni mwalimu wangu," nikamjibu.

Basi likaondoka. Nilirudi ofisini nikitafuta neno lingine la kumwita, moja tu, la haki, na mpaka nafika mlangoni sikuwa nimelipata.